Anauza Gesi, Wateja Wanasikia Maji

Saa moja asubuhi, mlango wa chuma haujafunguka wote, mteja wa kwanza ameshaukumbatia mtungi na anautikisa karibu na sikio. Mama Mitungi anamtazama, mikono kiunoni. Anajua kinachofuata.

"Mbona humu kuna maji?"

Huu ni mwaka wa tisa anauza gesi ya kupikia katika kibanda hiki cha mabati, na swali ni lile lile. "Nimechoka mpaka uchovu wenyewe umechoka," anasema.

Mwaka huu maji yamemfika shingoni. Mpishi wa mgahawa wa ng'ambo ya barabara, aliyekuwa akichukua mitungi minne kwa wiki, alikuta mtungi wake umelowa nje huku jiko likiwaka. Akatangaza mtaa mzima kwamba ameuziwa maji. Mitungi kumi na miwili kwa siku ikashuka hadi mitano, na mabinti wawili wanasomeshwa na mitungi hiyo hiyo.

Juzi Mama Mitungi alimfuata mpishi huko huko jikoni, mtungi mdogo begani. Aliomba glasi ya maji ya friji, akaiweka mezani. Punde glasi ikaota matone nje.

"Dada, glasi yako imetoboka?"

"Itoboke wapi?"

"Basi na mtungi haukutoboka. Hewa ina mvuke. Chembe zake hazitulii, zinarukaruka tu. Zikigusa kitu cha baridi zinapunguza mbio, zinashikana, zinakuwa tone."

"Na hayo yanayocheza ndani?"

"Ndiyo gesi yenyewe. Imeshindiliwa mpaka chembe zikabanana zikawa majimaji. Ukifungua, za juu zinapata upenyo, zinachoropoka zikibeba joto la mtungi. Ndiyo maana unapoa. Sasa nasikia wewe ukipoa unaumwagia maji ya moto, unataka kutuunguza?"

Mpishi alipangusa glasi kwa kidole. Matone yakarudi. Akapangusa tena.

"Haya, niachie huo," alisema mwishowe. Akautikisa kwanza.

Mama Mitungi anayasimulia haya bila kucheka, ingawa mpishi amerudi na wenzake wawili. Anapanga kununua rangi nyekundu aandike ukutani: UNACHOSIKIA NI GESI. Binti yake mkubwa amemwambia watu hawasomi kuta.

"Utajiri sitaki," anasema. "Nataka mtu mmoja tu, kabla sijazeeka, anunue mtungi bila kuutikisa."

Mteja wa asubuhi bado ameuweka mtungi sikioni.