Kigae cha Tatu

Mapema miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha ufundi Changamwe, na majivuno yangu hayakuwa na kifani. Kazi yangu ya mtihani ilikuwa kujaribu vigae vya kauri, vyembamba, ukubwa wa sarafu. Kigae kinatiwa tanurini hadi kiwe chekundu, kinapulizwa mvuke wa maji upande mmoja, kisha kinapitishwa umeme. Kikiwa kizima, maji yanagawanyika na kutoa gesi ya haidrojeni.

Mwalimu alinipa vitatu. Viwili vilipasuka hata kabla ya umeme. Cha tatu nacho kikipasuka, nimeanguka mtihani, narudi bara mikono mitupu.

Tanuri lilitunzwa na mama mmoja wa Likoni, mtu mzima, ambaye hakuna mwanafunzi aliyemdhania kuwa na la kufundisha. Asubuhi ya jaribio la mwisho alinikuta nimekikodolea kigae macho.

"Hiki kipalie, mwanangu," akasema.

Kwetu bara kupalia ni kung'oa magugu shambani. Nikadhani ameona uchafu, nikachukua kisu nikaanza kukikwangua.

"Lahaula! Wafanyani?" Akaninyang'anya kisu. "Hujaona wali ukipaliwa? Makaa yatiwa juu ya mfuniko, uive chini na juu. Hiki chako chapata moto chini, juu ki baridi. Kitakosa kupasuka?"

Wiki nzima nilikuwa nimejaza daftari hesabu, na hesabu zote hazikuniambia hilo.

Akatafuta waya wa jiko la umeme lililokufa, akausokota kwa vidole vyake mwenyewe, tukaufunga juu ya kigae uwe makaa yake ya juu. Halafu akaketi. Moto aliupandisha kidogo kidogo, kutwa nzima, sikio karibu na tanuri, na kila nilipotaka kuharakisha alinipiga kikofi mkononi. Sijapata kuona subira kama ile, wala ustadi kama ule, na nimefanya kazi na maprofesa.

Alasiri kigae kilikuwa chekundu, kizima. Tukakipitishia umeme. Viputo vikaanza kupanda ndani ya neli ya kioo yenye maji, iliyopokea gesi kutoka tanurini, kimoja, viwili, kisha mfululizo. Nikasogeza kijiti cha kiberiti kinachowaka kwenye mdomo wa neli. Pwa! Haidrojeni. Nilirukaruka kama mtoto, machozi yananitoka, wala sikuona haya.

Nilipotulia nikamuuliza kwa nini hakunieleza vile viwili vilipopasuka.

Alikuwa akifunga kanga aende akaswali. "Leo ndiyo siku ya kwanza uliyoniamkia," akasema.

Na kweli. Wiki tatu nilikuwa nikimpita mlangoni na vitabu vyangu. Asubuhi ile tu, kwa woga wa kuanguka, ndipo shikamoo iliponitoka.