Jina la Kisima

Juzi, katika saiba moja ya Ukunda, duka la kukodi intaneti, binti wa Msambweni alikuwa akiandikisha mfumo wake wa vitambulisho vya kidijitali vya wavuvi kwenye daftari la mtandaoni la majina ya mifumo, lisilomilikiwa na mtu bali lenye wasimamizi wa kujitolea. Mfumo aliupa jina la kisima cha kwao. Wasimamizi wa daftari walirudisha ujumbe, na mhudumu, mtu wa bara, akamsomea.

"Madam, wanasema hili jina ni alama ya biashara ya hoteli. Ulibadilishe, ama uonyeshe ni lako."

"Si langu, kaka. Ni la kisima. Kilikuwapo kabla ya hoteli."

"Kisima kina cheti?"

Binti alicheka kidogo, kisha akashika shavu. "Basi andika lolote."

Mimi pia ni wa Msambweni, nami nilikuwa nimeketi kando yao nikingoja zamu yangu. Kisimani hapo ndipo marehemu mke wangu alipokuwa akiteka maji, nami nikimshikia ndoo ya pili. Jina lile tulilitaja kila siku bila kumwomba mtu ruhusa.

Mhariri, kwa kuwahofia mawakili wa hoteli, amenishauri nisiliandike hapa, na nimemtii. Ijumaa nitakwenda kaburini kwa mke wangu kumsomea Yasini, na huko nitalitamka.