Aliyemsomea Baba Talakini

Siku ninayoikumbuka zaidi kabla ya vita, Baba alikuwa anapika halua. Kulikuwa na harusi mtaani kwetu Kismayu, na mwenye harusi alisimama mlangoni akilalamika kwamba halua ya mwaka uliopita ilikuwa na samli kidogo. Baba akiwa kazini alizungumza na sufuria yake tu, sufuria ya shaba aliyorithi kwa babake, pana kiasi cha kumwogeshea mtoto. Halua haikubali kuachwa. Ukiupumzisha mkono inashika chini. Basi Baba akakoroga, mwenye harusi akalalamika, Mama akatwanga iliki, na mimi, msichana mkubwa wa kuposwa, nikakwangua kilichoganda ukingoni na kula kwa kidole.

Sisi ni Wabajuni. Kiswahili ndicho tunachoongea nyumbani, na Kismayu ni kwetu tangu mababu. Vita vilipokuja, wenzetu walikuwa na bunduki na koo kubwa za kuwatetea, sisi hatukuwa na hiki wala kile. Mji ulibadilisha wakubwa mara nyingi hata tukaacha kuuliza nani anatawala. Tuliuliza nani anabisha hodi.

Kaka zangu walitorokea Kenya, na wanaume wengi wa mtaa wakafanya hivyo hivyo, kwa sababu wanaume ndio waliokuwa wakiuawa kwanza. Baba alikataa kwenda. Alisema sufuria haibebeki, na yeye haiachi. Mama alimwambia kwa hasira kwamba kama ni hivyo basi aioe hiyo sufuria, yeye atarudi kwao.

Kisha Wamarekani wakaja. Waliweka kizuizi kwenye barabara iliyotoka mtaani kwetu kwenda bandarini: magunia ya mchanga, seng'enge, na askari wawili wawili waliovaa miwani myeusi. Mama alitandika upya kitanda chake kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Tuliamini yamekwisha.

Wakaja watu watatu asubuhi, kuitaka sufuria.

Shaba ilikuwa na soko. Waliishika masikio, Baba akaishika upande wa pili.

Mmoja akampiga risasi ya tumbo.

Walipoondoka, Baba aliniuliza kama wameuchukua na mwiko. Nikamwambia hapana, mwiko upo. Alikata roho kabla ya adhuhuri, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Mama.

Mama alimwosha mumewe mwenyewe, akamkafini kwa shuka zake mbili nyeupe. Kaburi tulilichimba sisi wanawake, mimi, Mama na jirani zetu, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya nyumba, maana makaburini kulikuwa upande wa pili wa kizuizi. Kuchimba tuliweza. Lakini kwetu mwanamke hashuki kaburini kumpokea maiti, na hapakuwa na mtu wa kumsomea talakini. Hayo ni maneno anayosomewa maiti akishafukiwa, kukumbushwa yale atakayoulizwa na malaika. Msomaji hukaa chini upande wa kichwa, waliozika hukaa naye, na hakuna anayeinuka mpaka yaishe. Baba alikuwa amewasomea wengi. Mama alinitazama akasema, "Aende hivi hivi, kama mnyama?"

Nikaenda kwenye kizuizi. Sikuwa na mpango. Nilidhani labda wataniruhusu kuvuka nikatafute mzee yeyote upande wa pili. Askari mmoja, kijana wa madoadoa usoni, alininyooshea mkono nisimame. Nikasimama, nikaanza kulia na kusema peke yangu kwa Kiswahili, kwamba Baba amekufa na hatuna mwanamume.

Askari wa pili akavua miwani. Akasema, "Makiwa, dada."

Sijui nieleze vipi. Makiwa ndiyo pole yetu ya msiba, watu wa pwani; ukiambiwa unajibu "yamepita," au "tunayo." Hakuna aliyekuwa amenipa pole, kwa sababu jirani zetu wote walikuwa na maiti wao. Na sasa nikapewa na mtu mwenye kofia ya chuma na bendera ya Marekani begani.

"Tunayo," nikamjibu.

Aliitwa Salimu, mtu wa Mombasa, mtaa wa Kibokoni. Alikwenda Marekani kusoma, karo ikamshinda, akajiunga na jeshi lao la wanamaji. Haya aliniambia miaka mingi baadaye. Siku ile aliuliza tu kaburi liko wapi. Nikamwonyesha, lilionekana kutoka pale tulipokuwa. Akazungumza na mwenzake kwa Kiingereza. Yule kijana, Deni, akatazama barabara, akatazama kaburi, akatazama uso wangu. Kisha akampungia Salimu mkono: nenda, nenda upesi.

Amri ilikuwa wasiondoke. Hilo nalo nililijua baadaye.

Salimu aliweka kofia na bunduki mchangani, akavua viatu kama inavyostahili, akashuka. Alimpokea Baba mikononi, akamlaza ubavu wa kulia kuelekea kibla, akamlegezea kafani upande wa kichwa. Tukampa mbao za mlango wetu, akaziba mwanandani, lile shimo dogo alimolazwa. Akapanda juu, tukafukia pamoja kwa mikono na sinia. Kisha akakaa, akaweka kiganja kwenye mchanga, akaanza talakini. Sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyefundishwa chuo cha Kurani akapigwa na akashika.

Risasi ya kwanza ililia kwenye kizuizi.

Salimu aliinua kichwa. Alitazama kule. Nilimwona akitazama.

Kisha akainamisha kichwa akaendelea, kwa haraka zaidi, bila kuruka neno.

Zikalia nyingine.

Alipomaliza alinyakua bunduki, akakimbia peku. Viatu vyake vilibaki pembeni mwa kaburi. Sisi tulilala kifudifudi, na ziliponyamaza nikainua macho nikamwona amepiga magoti nyuma ya magunia, amempakata mtu.

Jioni walikuja askari wengine kuchukua viatu. Salimu hatukumwona tena Kismayu.

Mimi na Mama tulipita Kenya, kambini, na katikati ya miaka ya tisini tukafika Toronto. Tulipewa nyumba kwenye maghorofa ya Dixon Road, karibu na uwanja wa ndege. Wasomali ni wengi pale, wakiwemo wa koo zilizotupora, na tulipanda nao lifti moja na kuulizana hali. Mtu huzoea. Mimi nilifanya kazi ya kuwaogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mama alijaribu kupika halua kwa sufuria ya bati. King'ora cha moshi kililia mpaka mlinzi akapanda, na Mama akamlisha halua iliyoungua huku akimgombeza.

Siku moja ya baridi, mchana, mlango uligongwa. Mama alifungua. Mbele yake palikuwa na mwanamume aliyekonda, ndevu zimeanza mvi, amevaa koti la kiwandani. Mama hakumtambua. Akasalimia, na kwa ile sauti Mama akashika kizingiti.

"Mwanashee," akaniita, "njoo. Aliyemsomea babako amekuja."

Alikuwa ametutafuta misikitini mpaka mtu akamwambia kuna Wabajuni jengo letu. Aliishi mtaa wa Jane na Finch, kwa nduguye, na alifanya kazi kiwanda cha madirisha. Jeshi lilikuwa limemfukuza kwa utovu wa nidhamu: aliacha lindo, akaweka silaha chini, mwenzake akafa. Deni alikufa. Sisi tulikuwa hatujui kwa hakika. Tulikuwa tumejiambia labda alipona. Mama aliposikia alifunika uso kwa mtandio, na kikao chote hakuufunua.

Kwa kufukuzwa vile Salimu alikosa uraia wa Marekani, na ndiyo maana alivuka mpaka kuja kwa nduguye. Lakini hakulilia uraia. Babake kule Kibokoni alikuwa ametundika sebuleni picha yake ya sare. Habari zilipofika, mzee aliiteremsha, na tangu hapo wakizungumza kwa simu alikuwa akimwuliza hali ya hewa tu. Salimu alitaka jeshi libadili lile neno kwenye cheti chake, ili picha irudi ukutani. Palikuwa na baraza la kusikiliza rufaa kama hizo, na alihitaji mtu aliyeona.

"Mwanangu," Mama akasema ndani ya mtandio, "hata ungetaka macho yetu."

Wakili wake alikuwa Mkenya, Njeri, dada mkali mwenye moyo mzuri, aliyemsaidia bure. Tulikwenda ofisini kwake mimi na Salimu nikatoe kiapo. Alinihoji vizuri mpaka tulipofika kwenye risasi.

"Sasa hapa ndiyo kesi yote iko," akasema. "Risasi ya kwanza ikilia, Salim alikuwa ndani ya kaburi, si ndiyo? Hangeweza kutoka haraka."

Nilimwelewa. Mtu aliye ndani ya shimo, na maiti mikononi, nani atamlaumu? Na sitajifanya mtakatifu: nilikuwa tayari. Kwa Salimu ningeapa kwamba alikuwa mwezini. Nilishafungua mdomo.

"Sikuwa ndani," Salimu akasema. "Nilikuwa nimeshatoka. Nimekaa."

Njeri aliweka kalamu chini. "Salim, unajua unasema nini? Ukisema ulikuwa umekaa, umesikia, na hukuinuka, umejimaliza. Hao watu hawajui talakini ni nini. Wataona tu mtu amekaa."

"Najua."

"Kwani iko shida gani tukisema ulikuwa ndani? Ni dakika tu."

Salimu alitazama mikono yake, iliyojaa makovu ya vioo. "Nikiapa nilikuwa ndani nikatoka nikakimbia, basi baba yake hakusomewa," akasema. "Na kama hakusomewa, Deni alikufa kwa ajili ya nini?"

Njeri alinigeukia kana kwamba mimi ndiye nitakayemtia akili. Nilishikwa na hasira, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani, jeshi, au Salimu, au Baba na sufuria yake. Nikaeleza kama ilivyokuwa. Nikaapa, nikatia saini, na tukarudi kwa basi, theluji inateremka kwenye vioo.

Jibu lilikuja majira ya joto. Salimu alikuja Dixon Road mwenyewe kutuambia, Jumamosi mchana, Mama akiwa jikoni anakoroga halua na dirisha limeachwa wazi kwa ajili ya king'ora. Baraza lilikuwa limekubali kila nililoapa, na kwa sababu hiyo hiyo likamkatalia. Alisikia, alikuwa huru kuinuka, hakuinuka. Neno litabaki.

Nilianza kuwatukana. Nina mdomo, nakiri, na siku ile niliutumia wote. Salimu alinisubiri nimalize. Akasema hawakukosea, ndivyo ilivyokuwa. Akasema amekwisha mpigia babake simu, na mzee amemwuliza kama Toronto kuna joto.

Mama aliendelea kukoroga. Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Yule mwenzio. Nani alimzika?"

Sikuwa nimewahi kufikiria swali hilo. Miaka yote ile tulimwombea Baba, tukamwombea Salimu, na yule kijana tulimwacha pale nyuma ya magunia.

"Walimpeleka kwao," Salimu akasema. "Walimzika kwao."

"Wewe hukuwepo?"

"Nilikuwa nimefungwa, Mama. Niliomba kwenda. Hawakuniruhusu."

"Na watu wake hukuwaona?"

"Ningewaambia nini?"

Mama aliutoa mwiko. Jiko likiwaka, halua ikiwa katikati, haijaiva, akaiacha. Sijapata kumwona mtu wa nyumbani kwetu akiacha halua. Alinawa mikono, akaingia chumbani, akatoka na mkeka aliopewa kambini, akautandika sebuleni. Akamshika Salimu mkono akamketisha, naye akakaa mbele yake, goti kwa goti.

"Makiwa, mwanangu," akasema.

Salimu alimtazama. Huko jikoni halua ilikuwa inashika chini na harufu ya kuungua ikaanza kuja, na hakuna aliyeinuka.

"Tunayo," akasema mwishowe, akalia. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia kwetu, na Mama alimwacha alie.

King'ora kililia. Mama mmoja wa Kisomali wa mlango wa pili akaja mbio akidhani tunaungua. Alipoona mkeka, na mwanamume analia, alielewa bila kuambiwa. Akavua viatu, akakaa. Baadaye wakaja wengine wawili, mmoja na birika la chai. Tulikaa matanga ya siku moja kwa mtu asiye wa dini yetu wala wa kabila letu, na nadhani hakuna sheikh ambaye angetupa ruhusa, ndiyo maana hatukumwuliza yeyote.

Mama amekufa sasa. Picha ya Salimu haikurudi ukutani. Mzee alifariki kabla ya kuirudisha. Mimi nimewahi kujaribu kupima, upande mmoja Baba na talakini yake, upande wa pili kijana mwenye madoadoa aliyepunga mkono, na kila mara naacha kabla sijafika mwisho. Baba alikuwa ameshakufa. Deni alikuwa hai.

Jirani yetu yule, siku ile kabla ya kuondoka, aliuliza marehemu ni nani. Salimu akajifuta uso. Akalitaja jina la Deni, na la babake Deni, na mji aliotoka, kama tunavyowataja wafu wetu.