Saa ya Kompyuta Namba Tatu

Fatna wa Makina hakusomea kompyuta popote. Zamani angenifukuza kwa kulisema hilo, lakini sasa amejisema mwenyewe mbele ya watu kwa mambo mazito zaidi, kwa hiyo nalisema. Alijifunza kwa kuharibu. Babu yake alimwachia chumba cha mbele kwenye ploti yao hapa Kibera, naye Fatna akaweka kompyuta nne kuukuu, mashine ya fotokopi na benchi. Baada ya miaka minne, nusu ya watu wa mitaa ya Kisumu Ndogo na Silanga walikuwa na barua pepe zilizofunguliwa na Fatna, na mimi nikiwemo. Tulimwogopa kidogo. Ana mdomo, na ukimuuliza swali mara mbili anakutazama kana kwamba umepotea ndani ya nyumba yako.

Kompyuta zile zilikuwa na ugonjwa mmoja. Stima ikipotea, na kwetu stima hupotea bila kuaga, zilisahau tarehe. Zikiwaka tena, zinaamini ni mwaka wa 2009. Kivinjari kikiona tarehe kama hiyo kinagoma kufungua tovuti, kinaleta ukurasa mweupe wenye alama ya hatari na kusema hapa si salama. Mara ya kwanza tulishtuka, mpaka Fatna akatupa dawa yake.

"Hiyo wachana nayo, ni saa tu imepotea. Bonyeza hapa chini, halafu hapa, songa."

Basi tukabonyeza. Tulibonyeza miaka minne bila kusoma hata neno moja, na mgeni akishtuka tulimcheka.

Mmoja wetu alikuwa Akeyo wa Kisumu Ndogo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu ambaye wengi tunamwita Mama Phanuel, kwa jina la kifungua mimba wake. Aliacha shule kidato cha pili, akarudi ukubwani, akafanya mtihani wa kidato cha nne na akapita. Kisha akaomba nafasi ya uuguzi katika chuo kimoja upande wa pili wa mji. Waombaji waliambiwa majibu yatakuja kwa barua pepe, na atakayechaguliwa athibitishe kabla ya siku atakayoandikiwa. Kila Jumatatu alinawa mikono kwa limau ili asiache harufu kwenye kibodi, akaja kuketi kwenye kompyuta namba tatu kutazama kama jibu limefika.

Jumatatu moja ukurasa wa onyo ukatokea. Akeyo akainua mkono kama mwanafunzi.

"Fatna, hii ni ile ya siku zote?"

Fatna akaja. Hapa nataka kusema sawasawa, kwa sababu yeye mwenyewe anataka isemwe sawasawa. Ukurasa haukuwa mweupe. Ulikuwa mwekundu wote, juu mpaka chini. Na saa pembeni ya kioo ilikuwa sahihi, kwa kuwa stima haikuwa imepotea wiki nzima. Fatna aliyaona yote mawili. Lakini watu watatu walikuwa wakingoja fotokopi, na yeye si mtu wa kusimama mbele ya wateja akasema sijui. Akapitisha mkono juu ya bega la Akeyo, akabonyeza mwenyewe.

"Ni saa tu, Mama Phanuel. Weka password."

Akaweka. Jumatatu iliyofuata password ilikataa, na ikakataa tena.

"Labda umeisahau," Fatna alisema.

"Ni hii kichwa yangu," Akeyo akacheka. "Imejaa omena."

Kesho yake, Jumanne, kompyuta namba tatu ilianza kujifungulia matangazo yenyewe, na kwa mara ya kwanza Fatna akaita fundi. Akaja Muchiri wa Kawangware, mtu mzima asiyejua kunong'ona. Alifungua mipangilio ya kivinjari akakuta kiprogramu cha nyongeza kimejibandika humo.

"Hii kitu iliwekwa na nani?"

"Ni mimi. Ni ya kugeuza PDF iwe Word. Ilikuwa ya bure."

"Bure gani? Uliipatia ruhusa isome na ibadilishe kila kitu kwa kila tovuti. Si imeandikwa hapa? Mtu akitafuta email yake, inampeleka kwa ukurasa wa uongo, anaibiwa password. Kwani browser haikuwahi kukuonya?"

"Ilinionya," Fatna akajibu.

Muchiri alikifuta kile kiprogramu. Kisha akafungua kompyuta zote nne, akaweka katika kila moja betri ndogo kama kifungo cha koti. Tarehe hazijapotea tena. Ugonjwa wa miaka minne ulipona kabla chai haijapoa, na Fatna anasema hata hilo peke yake lingetosha kumtia aibu.

Lakini usiku ule hakuenda kwa Akeyo. Jumatano hakwenda, wala Alhamisi. Alijiambia pengine chuo hakikumchukua. Muuza omena wa miaka arobaini na mitatu, wamchukue wapi? Ameniambia wazo hilo huku akitazama sakafu, na mimi sikumtazama pia.

Ijumaa asubuhi nilikuwa kwenye benchi na makaratasi yangu Akeyo alipoingia na beseni lake. Hakuketi.

"Nimekuja tu kukuambia pole, Fatna. Nimekusumbua na hiyo email nikaiharibu. Mambo ya kompyuta nimewaachia watoto. Hata hicho chuo nimewacha."

Tulikuwa watu sita pale ndani. Fatna alizima mashine ya fotokopi.

"Si wewe uliharibu," alisema. "Ni mimi. Email yako iliibiwa hapa, na mkono uliobonyeza ni wangu. Labda barua yako ilikuja."

Akeyo aliliweka beseni chini taratibu.

"Mimi nilisoma ile kitu," akasema. "Ilikuwa Kiingereza lakini nilielewa. Ilisema hii tovuti ni ya uongo, itakuibia password. Nilitaka kukuambia. Nikajiuliza, mimi ni nani nikufundishe kazi yako?"

 Mimi nilikumbuka wote niliowahi kuwacheka kwenye benchi lile.

Siku hiyo hiyo walikwenda chuoni wakiwa wawili. Karani akatafuta jina, akalipata.

"Ulichaguliwa, mama. Lakini mwisho wa kuthibitisha ulikuwa juzi, Jumatano saa kumi. Nafasi imepewa mwingine. Omba tena mwaka ujao."

Nje ya lango Akeyo akasimama.

"Wewe ulijua lini?"

Fatna angeweza kusema jana, na hakuna ambaye angejua. "Jumanne," akasema.

Akeyo alifunga upya leso yake kiunoni, akatangulia. Fatna alimfuata nyuma mpaka nyumbani bila kuthubutu kumfikia.

Miezi ilipita bila Akeyo kukanyaga pale. Maombi mapya yalipofunguliwa, alikuja mikono ikinuka limau, akaketi kwenye namba tatu bila kumsalimu mtu. Katikati ya kuandika, kidirisha kidogo kikatokea kikiomba ruhusa ya kitu fulani. Fatna alikuwa nyuma yake. Mkono wake ukainuka wenyewe, kwa mazoea.

"Ngoja," Akeyo akasema. "Nasoma."

Fatna akaurudisha mkono nyuma. Akeyo aliweka kidole kwenye kioo akasoma neno moja moja, polepole, mpaka mwisho, kisha akarudi juu akaanza tena. Kwenye benchi tulikuwa watano tukisubiri fotokopi. Hakuna aliyemharakisha.