Mguu wa Mchumba Wangu

Naikumbuka siku ya matanga ya kaka yangu Sefu, mwanangu, maana watu walicheka nyumbani kwetu Mkange huku mama yangu akilia.

Vita vya Kagera vilikuwa vimepamba moto. Sefu, mkulima, alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake wa kijijini, hakurudi. Hata maiti hatukuletewa, ila habari tu. Mchumba wangu alikuwa anasoma chuo Dar. Naye aliitwa, lakini baba yake alikuwa mkubwa wilayani, basi daktari mmoja akaandika kwamba kijana ana mguu mbovu. Mbovu wapi? Mpira alikuwa akiucheza mbele ya macho yangu! Wenzake wasio na baba mkubwa walikwenda.

Akaja matangani anachechemea, fimbo mkononi. Nilitamani ardhi inimeze.

Mtani wetu, Bi Mwanahawa, hakumwacha. Kwa mila yetu mtani msibani hakasirikiwi, aseme atakalo. Akajifunga kanga kiunoni, akaokota mwiko wa ugali akaufanya mkongojo, akamfuata nyuma naye akichechemea.

"Shikamooni wafiwa! Mniwie radhi sikwenda vitani, mguu wangu umesoma! Nimemtuma Sefu, wa kwake haujui hata a, e, i!"

Watu wakashika mbavu. Mchumba wangu akaiacha fimbo ianguke, akamwendea baba yangu bila kuchechemea.

"Baba, mguu hauna kitu," akasema, machozi yakimtoka.

Baba akamjibu: "Haya. Mpunga wa Sefu umezidiwa na majani. Kesho alfajiri njoo."

Alipalilia msimu mzima, mtoto wa mkubwa yule, viganja vimejaa malengelenge. Nami niliyekwisha kuapa simtaki, nikalegea. Ndiye babu yako.

Leo hakuna vita, alhamdulillahi, ila nasikia unatafutiwa cheti cha daktari usiende mafunzo ya jeshi na wenzako. Mjukuu wangu, mgonjwa wa kweli hana aibu. Lakini mzima akiombewa udhuru na mkubwa, mzigo wake anaubeba mtoto wa mtu asiye na wa kumwombea. Kakatae cheti hicho, uende.

Mungu akupe afya, akurudishe salama kwa mama yako. Na ukiondoka, pita umuage babu. Ndiye aliyeniomba nikuambie haya. Yeye mwenyewe mpaka leo hawezi kulitamka jina la Sefu.