Miwani ya Mahafali

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima unamwita Cheche. Jicho lake la kushoto ni jeupe pe. Kipande cha chuma kilimrukia akitengeneza sanduku la binti yetu, aliyekuwa anaingia bweni kidato cha kwanza. Sanduku lilikamilika. Jicho halikupona.

Wiki mbili kabla ya mahafali yake ya chuo, binti alipiga simu. "Mama, siku ile baba avae miwani. Miwani ya maana, siyo ile ya kazini. Wazazi wa mchumba wangu watakuwepo, tutapiga picha wote."

"Baba yako si mwizi, hana cha kujificha," nilimjibu kwa hasira. Lakini Cheche alikuwa ameketi pale pale, na simu yangu ina sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kesho yake alirudi kutoka mitumbani na miwani nyeusi yenye jina la mbunifu mkubwa ubavuni, jina ambalo hata kulitamka lilimshinda. Fremu ilikuwa nzima. Vioo vilikuwa vimechubuka kama vilivyoburuzwa barabarani.

"Nimeng'arisha mageti ya matajiri," alisema, "nishindwe na kijimiwani hiki?"

Alikaza skrubu, akaisugua fremu kwa mswaki na maji ya sabuni. Angeishia hapo ningempigia makofi. Lakini fundi chuma anajua njia moja tu: msasa laini, kisha laini zaidi, kisha dawa ya kung'arishia. Nilimwambia apeleke kwa mafundi miwani, akanijibu niangalie sufuria zangu. Siku tatu alikaa dirishani akisugua kwa kipande cha fulana yake kuukuu.

Mikwaruzo ilitoka kweli. Ilitoka pamoja na weusi, maana weusi ule ulipakwa juu juu tu, naye kwa jicho moja hakuuona ukififia. Asubuhi ya mahafali akavaa suti, akavaa miwani, akanigeukia. "Vipi, mke wangu?"

Katikati ya kila kioo palikuwa peupe, na jicho lile lilinitazama waziwazi. Nilicheka. Kicheko kile nitakijutia hadi naingia kaburini.

Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akaanza kufungua tai. Nikamwambia twende hivyo hivyo, jicho si dhambi. Nikambembeleza, nikamfokea, nikamwita mwoga.

"Nenda wewe," alisema. "Nisimtie mtoto aibu siku yake."

Binti alinipokea langoni mwa ukumbi, amependeza na joho lake. Akachungulia nyuma yangu. "Baba yuko wapi?"

"Anaumwa."

"Maskini baba," alisema. Lakini nimemzaa mimi, na uso wake naujua. Mabega yalimshuka, akashusha pumzi, akanishika mkono akinivuta kwa wakwe zake, anatabasamu.

Niliporudi, Cheche aliniuliza kama mtoto alisikitika.

Nikamwambia alilia sana.