Mwanasesere Asiyefungua Mdomo

Jirani yetu mmoja ni fundi cherehani, mwembamba mpaka tukambandika jina la Sindano. Alipokuwa na mimba yake ya kwanza, nesi wa kliniki alimfundisha yeye na wajawazito wenzake kunyonyesha kwa mchezo wa karata. Unachukua karata, unatenda kilichochorwa kwa mwanasesere wa kitambaa, na wenzako wanapiga kelele: "Sawa!" au "Bado!"

Sindano hakuwa na mpinzani. Karata ya mdomo wazi ndiyo iliyokuwa yake. Mdomo wa mwanasesere ulikuwa wa uzi, haufunguki, kwa hiyo nesi aliwaambia, "Mfungulieni nyinyi." Mchezaji anapanua mdomo wake mwenyewe, anamvuta mwanasesere kifuani. "Sawa!" Wanacheka, zamu inahamia kwa mwingine.

Mtoto akazaliwa, na mambo yakageuka. Alibana chuchu kwa ncha ya midomo, akalia, akalala na njaa. Chuchu zikapasuka. Kwenye mizani, uzito ukawa umeshuka. Nesi akasema wazi, "Asipoongezeka, mama, itabidi tumwongezee maziwa ya kopo."

Sindano alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Kosa liko wapi? Karata zote anazijua! Akaketi kitandani, akampakata mwanawe, akapanua mdomo kama anayengoja kung'olewa jino, akamvuta. Mtoto akabana, akalia. Akapanua zaidi. Ndipo mama mkwe akaingia na kikombe cha chai.

"He! Mkwe wangu, unataka kunimezea mjukuu?"

"Mama, ndivyo tulivyofundishwa. Mdomo wazi, kisha unamvuta."

"Mdomo wa nani?"

"Wangu… wa mchezaji."

"Na anayenyonya hapo ni nani?"

Sindano akamtazama mkwewe, akamtazama mtoto, akamtazama tena mkwewe. "Kwani yeye anajua kufungua?"

"Muulize."

Utamuulizaje mtu asiyejua hata jina lake? Mama mkwe akaweka kikombe chini, akamwonyesha: gusa mdomo wa juu wa mtoto kwa chuchu, kisha ngoja. Wakangoja. Mtoto akaramba, akakunja uso, halafu akapiga mwayo mkubwa.

"Sasa! Mlete!"

Akamleta. Safari hii mtoto alishika nyama nyingi, si ncha tu.

"Mbona haniumi?" Sindano akanong'ona kwa mashaka. "Mama, huyu ananyonya au ananidanganya?"

"Nyamaza, sikiliza koo lake."

Likasikika: ku, kimya, ku. Sindano akaanza kulia, na kwa nini alilia hajui mpaka leo.

Siku ya kupima, Sindano alikwenda na mama mkwe, na uzito ulikuwa umepanda. Nesi akafurahi, akataka kujua mama amebadilisha nini. Sindano akajibu haraka.

"Nimefunga mdomo, nesi."

Nesi akamtupia jicho mama mkwe, kisha akainama na kuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani nyumbani mlikuwa mnagombana?"